Kupandisha kipimo cha baruti kwa anayeanza kujaza risasi

Ndugu yangu, umeuliza kama, unapojitengenezea risasi kwa kujaza baruti kwenye maganda, unaweza kuanza moja kwa moja na kipimo cha juu cha jedwali la mtengenezaji wa baruti, kwa kuwa bunduki yako ni mpya na imara. Hapana, usifanye hivyo, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu jambo hili lilinitia hofu kubwa nilipokuwa mwanafunzi kama wewe.

Kipimo cha juu kilipatikana kwa mtutu wa mtengenezaji huyo, pamoja na ganda, fataki (kidude kinachowasha baruti kwenye kitako cha ganda) na kichwa cha risasi alivyovitaja. Chemba ya bunduki yako, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, ikibana zaidi kidogo tu, shinikizo la juu litafikiwa kwa baruti pungufu. Kwa hiyo tunaanzia kwenye kipimo cha kuanzia na kupanda taratibu: kwa bunduki ya ukubwa wa kati mimi huongeza greni 0.3 hadi 0.5, na kwa bastola greni 0.1 tu. Usishuke pia chini ya kipimo cha kuanzia ukidhani unajilinda, maana baadhi ya baruti zinazoungua polepole huweza kupandisha shinikizo ghafla ganda likiwa na nafasi tupu kubwa.

Greni moja ni takriban gramu 0.065, kwa hiyo kosa dogo la mzani ni kosa kubwa ndani ya chemba. Siku moja niliusogeza mzani wangu ili kupisha trei, nikasahau kuurudisha kwenye sifuri. Nilipofyatua risasi ya tatu, bolti, yaani komeo linalofunga chemba, iligoma kuinuka mpaka nilipoipiga kwa kiganja. Fataki ilikuwa imelala bapa, mviringo wa kingo zake umepotea kabisa, na kwenye kitako cha ganda palikuwa na alama inayong'aa ya kitoa ganda. Niliacha kufyatua papo hapo, nikazifungua zote zilizobaki na kuzipima upya. Kila moja ilikuwa imezidi. Tangu siku hiyo siweki baruti kwenye mzani kabla ya kuukagua kwa uzito wa ukaguzi, yaani kipande ambacho uzito wake unajulikana.

Tafadhali usizitegemee dalili hizo kama taa ya onyo. Mara nyingi huonekana shinikizo likiwa tayari limepita mpaka, na kwenye bastola huenda zisionekane kabisa. Kronografu, yaani kifaa cha kupima kasi ya risasi, husaidia zaidi: kasi ikifikia ile ya juu ya jedwali, umefika mwisho, hata kama baruti uliyoweka bado ni pungufu.

Kwa bastola, hatari kubwa zaidi ni kujaza ganda mara mbili. Greni 4 au 5 za baruti inayoungua haraka hufunika tu sehemu ya chini ya ganda, na hata zikirudiwa huenda zisimwagike. Panga maganda yote kwenye trei, mulika kila moja kwa tochi kabla ya kuweka kichwa, na linalotofautiana na wenzake limwage. Ganda lililokosa baruti nalo litatoa mlio hafifu na huenda likaacha kichwa ndani ya mtutu; hapo simama, toa risasi zote, kisha kagua mtutu kabla ya kufyatua nyingine.

Mezani pawe na chupa moja tu ya baruti. Ukibadilisha fataki, aina ya ganda, kichwa au hata toleo la baruti ileile, rudi kwenye kipimo cha kuanzia na upande upya.