Anzia kwenye kiima na kitenzi

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi na kidato cha pili ambao sentensi zao za Kiingereza hazina mwanzo wala mwisho. Tafadhali usianze na istilahi. Hao watoto tayari wanachanganua sentensi kwa KN (kundi nomino) na KT (kundi tenzi) kwenye somo la Kiswahili, basi jenga hapo hapo.

Andika ubaoni "Amefika Likoni." Kwa Kiswahili imekamilika, maana mtendaji, yaani kiima, yumo ndani ya kitenzi, kwenye ile a-. Kiingereza hakikubali hivyo. Mtendaji lazima asimame peke yake: "She has reached Likoni." Ndiyo sababu wanafunzi wetu hapa Mombasa huandika "My brother he has reached": ile a- wameihamisha ikawa "he". Waonyeshe sentensi zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, moja juu ya nyingine, wampigie mstari mtendaji wao wenyewe. Mimi hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, na sijutii.

Halafu hii: "Because the ferry was late." Wengi huweka nukta wakaendelea. Waulize tu, "Ikawaje?" Watakumalizia: "Because the ferry was late, we missed assembly." Wakiitoa "because" na kubakiza koma peke yake, hapo inahitajika nukta, au "so" baada ya koma.

Mifano itoe kwenye insha zao, bila kutaja jina la mtoto. Sentensi moja kila kipindi inatosha, na waisome kwa sauti kabla ya kuirekebisha.