Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua dawa ya gesi

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mjukuu wangu ametimiza wiki tatu, mchana hana shida, ila ikifika saa kumi na mbili jioni anaanza kulia, anakunja magoti hadi tumboni, uso unaiva, anajamba, anatulia kidogo, kisha anaanza upya mpaka saa tatu. Jirani mmoja hapo Sakina, Arusha, kaleta chupa ya dawa ya mchango, ile ya kienyeji ya tumbo, mwingine kasema mama mzazi aache maharage. Nawe unauliza umpe dawa gani. Dawa nitaiweka mwisho, maana ndipo mahali pake.

Kwanza ujue hewa hiyo inayomjaa tumboni inaingilia wapi. Sehemu kubwa huingilia mdomoni. Mtoto humeza hewa asiposhika titi vizuri, na humeza nyingi zaidi akiwa analia. Ndiyo maana ukimwacha alie nusu saa ndipo apewe titi, mtahangaika naye: tumbo limejaa upepo kabla ya maziwa. Kiasi kingine hutengenezwa utumboni, vijidudu vinapochachusha sukari ya maziwa. Tena utumbo wenyewe bado mgeni wa kazi, unasukuma leo hivi, kesho vile.

Kuna na jambo la tatu ambalo wengi hulidhani ni gesi. Mtoto mchanga hajajua kulegeza njia ya haja wakati anasukuma kwa tumbo. Atakamua, atageuka mwekundu, atapiga kelele dakika kumi hata ishirini, halafu kinatoka choo laini kama uji. Huko si kufunga choo. Choo kikiwa laini mwache ajifunze, wala usikubali mtu amchokoe kwa kipande cha sabuni. Sabuni huunguza, na mtoto huzoea kungoja kuchokolewa.

Kilio cha jioni nacho kina kalenda yake. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hupanda hadi karibu wiki ya sita, kisha hushuka, na wengi wamekimaliza wakifika miezi mitatu au minne. Nakwambia mapema ili wiki ya tano isikutishe ukadhani mmeharibu kitu.

Sasa kazi. Leo jioni kaa karibu na mkeo wakati ananyonyesha, umtazamie mdomo wa mtoto. Yeye akiwa juu hauoni mdomo wa chini, wewe ukiwa pembeni unauona. Tumbo la mtoto ligusane na la mama. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja, asinyonye shingo imepinda. Chuchu ielekee pua yake. Angojewe apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo aletwe kwenye titi, siyo mama kuinama kumfuata. Kidevu kizame kwenye titi, mdomo wa chini ubinuke kwa nje, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane mwingi juu kuliko chini. Halafu sikiliza. Kumeza husikika kama pumzi fupi, taratibu. Ukisikia "tak, tak" ya ulimi, au mashavu yakibonyea ndani, anaachia na kushika tena, na kila akiachia hewa inaingia. Mama apitishe kidole kidogo kilichooshwa pembeni mwa mdomo, amtoe, waanze upya. Hata mara nne ni sawa. Chuchu ikitoka imebinywa upande mmoja, hapo alishika chuchu peke yake.

Kama anapaliwa na kujitupa nyuma dakika za mwanzo, maziwa yanatoka kwa kasi kuliko anavyoweza kumeza. Mama ajilaze nyuma akiegemea mito, mtoto alale juu yake kifua kwa kifua, mteremko utapunguza ile kasi. Akipenda, aache mchirizi wa kwanza utokee kwenye kitambaa.

Na titi moja liishe kabla ya la pili. Maziwa yanayotangulia ni mepesi. Kadiri titi linavyopungua ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Mtoto akihamishwa kila dakika tano anajaa yale mepesi, yanapita tumboni haraka, sukari nyingi inafika utumbo mpana na kuchacha. Utaona choo cha kijani chenye povu, na gesi ya kutosha. Mwacheni aachie mwenyewe, ndipo apewe la pili akilitaka.

Kucheulisha iwe kazi yako. Fikiria chupa ya soda iliyolazwa: hewa imekaa ubavuni, mdomo umezibwa na maji. Ukiisimamisha, hewa inapanda. Tumbo la mtoto ni hivyo hivyo, kwa hiyo mgongo wake unyooke. Akijikunja kama mbegu ya korosho begani kwako hatacheua. Mpandishe juu kidogo, tumbo lake liegemee bega, kichwa ukishikilie. Pigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, polepole, au usugue kuanzia kiunoni kwenda juu. Njia nyingine ni kumkalisha pajani, kifua chake kwenye kiganja chako, kidole gumba na cha shahada vikishika taya. Taya, siyo koo. Fanya hivyo anapobadilisha titi na anapomaliza, dakika tano hadi kumi. Asipocheua usimlazimishe, anayenyonya vizuri huenda hana cha kutoa. Weka kanga begani, maziwa kidogo yakirudi pamoja na hewa si kutapika.

Akianza ule mkunjo wa jioni, mlaze chali kitandani, uchezeshe miguu yake kama anayeendesha baiskeli, mara kumi hivi, kisha yasukume magoti yote mawili tumboni, uhesabu hadi tano, uyaachie. Hapo mara nyingi utasikia mwenyewe. Kusugua tumbo kunasaidia pia, lakini si mara tu baada ya kunyonya. Ngoja nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Pasha mikono, pakaza matone machache ya mafuta yake, na kitovu kiwe kimepona. Anza chini upande wa kulia wa mtoto, panda hadi chini ya mbavu, vuka juu ya kitovu, shuka upande wa kushoto. Ukiwa umemtazama, ni mwelekeo wa mshale wa saa, kwa sababu ndiyo njia utumbo mpana unavyokwenda. Ukisugua kinyume unairudisha gesi ilikotoka. Akikaza tumbo au kuongeza kilio, acha.

Kisha jaribu hili, nadhani litakufaa kuliko yote. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa kushoto, shavu lake karibu na kiwiko, mkono na mguu mmoja vining'inie huku, vingine kule, kama paka juu ya tawi. Kiganja chako kishike paja lake karibu na nepi. Mkono wa kulia uwe mgongoni. Tembea naye sebuleni polepole, umnong'oneze "shhh" ndefu. Uzito wake mwenyewe unalibonyeza tumbo, na joto la mkono wako linafanya kazi ambayo watu hutaka ifanywe na chupa ya maji moto. Chupa hiyo usiiweke tumboni mwake hata kidogo, na mama mzazi akiwa anakandwa, lile taulo la moto lisimguse mtoto. Ngozi ya wiki tatu huungua upesi kuliko yako.

Akisinzia mkononi, mhamishie kitandani chali. Kifudifudi ni kwa kubebwa au akiwa macho mnamtazama, si kwa kulala. Na kwa baridi ya Arusha mwaka huu msimfunike mashali matano. Mtoto mwenye joto kupita kiasi hulia vilevile, nanyi mtasema gesi.

Maharage, mwambie mkeo ale. Gesi inayomjaa mama haipiti kwenye maziwa kumfikia mtoto. Mtori, kabichi, ndizi, vyote ni halali yake. Ninachomshuku zaidi ni kahawa yetu hii. Kafeini hupita kwenye maziwa, na mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuitoa mwilini, kwa hiyo vikombe vitano vya jana na vya leo vinakutana. Viwe viwili kwa siku, na chai ya rangi ihesabiwe humo. Maziwa ya ng'ombe ni jambo jingine. Watoto wachache hukataa protini yake inayopitia kwa mama, ila hao huwa na dalili zaidi ya kilio: damu au makamasi kwenye choo, vipele, uzito kusuasua. Ukiziona, mwone daktari kwanza. Msimnyime mama maziwa kwa kubahatisha.

Sasa dawa. Ile ya mchango irudishe kwa heshima, mwambie jirani asante. Haijulikani imechemshwa na nini, kwa maji gani, nguvu yake kiasi gani, na ini na figo za mtoto wa wiki tatu haziwezi kubahatisha. Dawa ya maji ya dukani yenye jina kubwa, Woodward's Gripe Water, ilianzishwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na sukari na kilevi ndani. Unaelewa kwa nini watoto walinyamaza. Kilevi kimeondolewa, lakini za aina hiyo bado ni kitu cha kunywa kwa mtoto ambaye hadi miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Simethikoni, yale matone ya kupasua mapovu, haina madhara makubwa, ila ilipolinganishwa na matone ya kujaribia yasiyo na dawa ndani haikuyashinda. Sitakukataza, nakuombea tu hela yako. Asali ndiyo nakukataza kabisa mpaka afikishe mwaka, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumulia.

Akifika miezi miwili, mitatu, kuna watakaosema ana meno ya plastiki na kukuelekeza kwa mtu wa kuyang'oa. Hayo wanayoyachokonoa ni meno yake ya utotoni ambayo bado yamo ndani ya ufizi. Wapo watoto waliovuja damu wakafa kwa hilo. Asiguswe.

Andika na uweke akilini dalili ambazo si gesi. Kutapika nyongo ya kijani. Kutapika kwa nguvu, yanaruka mbali, kila baada ya kunyonya. Tumbo gumu lililovimba lisilolegea hata akilala. Damu kwenye choo. Uvimbe kwenye kinena unaouma na haurudi ndani. Kukataa titi, au kulegea. Utosi kuvimba, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Joto la kwapani 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5. Nepi zenye mkojo chini ya sita kwa siku. Kwa lolote kati ya hayo usinipigie kwanza, nenda hospitali ya Mount Meru usiku huohuo.

Zitakuja jioni ambazo umefanya yote na bado analia. Kilio cha aina hii kinaweza kuwatia wazimu watu wenye akili zao. Ukihisi mikono imeanza kukaza, mlaze chali kitandani kwake, funga mlango, toka nje dakika kumi, osha uso, kisha rudi. Hatadhurika kwa dakika kumi za kulia. Kumtikisa sekunde chache tu kunatosha kupasua mishipa ya ubongo. Gawaneni zamu na mkeo, na dada yako nimemwambia awe anashuka hapo kwenu Jumanne na Alhamisi jioni.

Wiki hii mna siku ya mzani kliniki. Mtoto mwenye tumbo la kawaida huwa amerudia uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 14, na baada ya hapo huongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Nipigie picha ukurasa wa kadi wenye mchoro, nione mstari unakwenda wapi. Na uniandikie kama ile "tak, tak" umeisikia au hapana.

Mama yako