Maswali ya Wasomaji: Silaha Zisizokusudiwa Kuua na Mpaka wa Vita

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nakusalimu. Nimekuwa nikitazama picha za meli za walinzi wa pwani wa China zikizipiga meli za Ufilipino kwa mizinga ya maji, hata vioo vinapasuka na mabaharia wanajeruhiwa. Hizo ni meli za serikali. Iweje isiitwe vita? Na nchi yenye makombora inafuata nini kwenye maji? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ndugu msomaji, inachofuata China ni kuipata Bahari ya China Kusini, inayogombewa na nchi hizo mbili, bila kupigana na Marekani. Mwaka 1951 Marekani na Ufilipino zilitia saini mkataba wa kulindana, unaozungumzia shambulio la silaha dhidi ya majeshi, ndege au vyombo vya umma vya upande wowote katika Pasifiki, na Washington imesema mara kadhaa kwamba walinzi wa pwani wa Ufilipino wamo katika ulinzi huo. Kombora moja lingetosha kuuamsha mkataba. Maji yenye shinikizo kubwa, pamoja na kuziba njia na kuligonga chombo cha mwenzio ubavuni, huwaacha wanasheria wakibishana kama hilo ni shambulio la silaha au ni ukorofi wa baharini, na wakati wanabishana, chombo kimekwisha kugeuzwa.

Tuchukue mwamba wa Second Thomas, ulioko katika bahari hiyo. Mwaka 1999 Ufilipino iliipandisha makusudi juu yake meli yake kuukuu, Sierra Madre, ikaweka humo wanamaji wachache wanaoshikilia eneo hilo hadi leo. Meli inaliwa na kutu, na wanamaji wanahitaji chakula, maji ya kunywa na vifaa vya ukarabati. Basi hakuna haja ya kuizamisha. Yatosha kuwazuia wanaoipelekea mahitaji, safari baada ya safari, mpaka iporomoke yenyewe. Kazi ambayo zamani ingefanywa na manowari zilizotangaza mzingiro sasa hufanywa kwa mizinga ya maji, pasipo mzingiro wowote kutangazwa.

Ninaloliona zito zaidi ni kwamba silaha ya namna hii humtwika anayepigwa mzigo wa kuamua. Nahodha wa boti ya chakula aweza kurudi, aweza kuvumilia, au aweza kuamuru risasi zifyatuliwe. Akiamuru, yeye ndiye aliyeanza, na ndiye atakayeulizwa mbele ya dunia. Mei 2024 Rais Ferdinand Marcos Jr. alisema wazi kwamba meli zake hazitajibu maji kwa maji, kwa kuwa hataki kuuzidisha mvutano. Badala yake, tangu 2023 walinzi wa pwani wa Ufilipino huwachukua waandishi wa habari katika safari hizo na kutoa video za matukio. Naona walifanya vizuri, kwa sababu mbinu inayotegemea tukio lionekane dogo hudhoofika likionekana jinsi lilivyo. Hata hivyo, video hazikuzuia yaliyofuata: tarehe 17 Juni 2024 walinzi wa China waliwakabili wanamaji wa Ufilipino karibu na Sierra Madre wakiwa na visu na mashoka, na mwanamaji mmoja akakatika kidole gumba. Mwezi uliofuata nchi hizo mbili zilikubaliana mpango wa muda wa kupeleka mahitaji.

Mpaka wa vita, basi, haulindwi na aina ya silaha peke yake. Mwishoni mwa Mei 2024, mjini Singapore, Marcos alikuwa ameonya kwamba Mfilipino akiuawa kwa kitendo cha makusudi, hilo litakaribia sana kuwa tendo la vita. Na maji yanayopasua kioo yaweza kumuua mtu aliyesimama nyuma ya kioo. Tuutazame mfano wa nchi kavu: India na China zilikubaliana mwaka 1996 kutofyatua risasi ndani ya kilomita mbili kutoka mstari unaotenganisha majeshi yao milimani. Juni 2020, katika bonde la Galwan, askari wao walipigana kwa mawe na marungu yenye misumari. Wakafa Wahindi 20, na baadaye China ikakiri vifo vinne vya upande wake. Risasi haikufyatuliwa usiku ule.

Swali: Je, silaha hizi zina manufaa yoyote ya haki kwa askari, au ni za uonevu tu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Zinayo, nayo si madogo. Tarehe 12 Oktoba 2000, manowari ya Marekani USS Cole ilikuwa ikijaza mafuta katika bandari ya Aden, Yemen; boti ndogo iliyopakiwa baruti ikaisogelea na kulipuka, wakafa mabaharia 17. Bandarini boti ndogo ni nyingi, na mlinzi hakuwa na njia ya kutofautisha mchuuzi na muuaji kabla ya kuamua kupiga risasi. Baada ya hapo vilitengenezwa vipaza sauti vya masafa marefu, vyenye sauti kali isiyovumilika kwa karibu. Anayezidi kusogea baada ya kuonywa hivyo amekwisha kuidhihirisha nia yake, na asiye na hatia amepata nafasi ya kugeuza boti.

Kwa sababu hiyo hiyo wanamaji wa Marekani waliolinda kuondoka kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa Mogadishu mwaka 1995, chini ya Jenerali Anthony Zinni, walichukua povu linalonata na risasi zisizokusudiwa kuua. Bunduki zao za kawaida zilikuwapo pia, na kila mtu alijua. Zikitumika namna hiyo, silaha hizi humpa askari hatua ya katikati na kumwokoa raia. Kule Second Thomas hakuna nia ya mtu inayotafutwa, kwa maana boti ya chakula inajulikana ni boti ya chakula.

Swali: Polisi hurusha mabomu ya machozi mitaani. Kwa nini wanajeshi wamekatazwa kuyatumia vitani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mkataba wa silaha za kemikali wa mwaka 1993 unaruhusu gesi hizo katika kusimamia sheria, lakini unazikataza kama mbinu ya vita, kwa sababu askari anayeona wingu likimjia hawezi kungoja kujua ni gesi gani kabla ya kujibu. Katika Vita Kuu ya Kwanza gesi za kuwasha macho zilitangulia. Aprili 1915 Wajerumani wakafungulia klorini, gesi ya kuua, huko Ypres, Ubelgiji. Hata nje ya vita, kipimo ni kigumu: mwaka 2002, katika ukumbi mmoja wa maonyesho mjini Moscow, gesi ya kulevya iliyotumiwa ili kuwaokoa mateka ndiyo iliyowaua wengi wa mateka wapatao 130 waliofariki.

Kwa upande wa leza, itifaki ya mwaka 1995 inakataza silaha zilizobuniwa kupofusha kwa kudumu. Februari 2023 Ufilipino ililalamika kwamba mabaharia wa meli yake Malapascua walipofushwa kwa muda na mwanga wa leza kutoka meli ya China. China ikajibu kuwa kifaa kile kilikuwa cha kupimia umbali. Upofu wa muda haumo katika katazo hilo.