Jibu: Cheni mpya ya baiskeli inaruka ukipanda mlima

Ndugu, umesema umefunga cheni mpya lakini ukikanyaga kwa nguvu mlimani inaruka, na fundi anataka ubadilishe kibadilisha gia. Usitoe hela bado! Angalia kwanza sproketi za nyuma (yale magurudumu madogo ya meno yanayoshika cheni), hasa zile unazotumia kila siku. Cheni ya zamani ikivutika hula meno taratibu, na cheni mpya haikai tena vizuri juu yake. Kama inaruka kwenye sproketi mbili tatu tu na zingine ziko sawa, hapo ndipo penye ugonjwa. Badilisha seti nzima ya sproketi za nyuma.

Baadaye pima cheni kwa rula ya inchi. Kutoka pini hadi pini, vipande 12 kamili vya cheni mpya (kipande kamili ni pingili ya ndani pamoja na ya nje) ni inchi 12. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, itoe mapema. Cheni ni bei rahisi kuliko sproketi.

Wakati wa kununua, hesabu sproketi za nyuma. Cheni ya gia 8 hufaa pia 6 na 7, ila ya 9 na kuendelea ni nyembamba zaidi. Na tafadhali, oili chafu ya injini usiipake kabisa, inashika mchanga.