Ukienda saiti, nenda siku ya mvua

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekuja fildi ofisini kwetu alinionyesha mchoro wake wa bustani ya zahanati. Ulipendeza: rangi zimekolea, miti imesimama mstari mmoja kama askari wa gwaride. Nikamuuliza, maji ya paa yanakwenda wapi? Akatazama kompyuta, akatazama dirisha, akacheka kwa aibu. Sikumlaumu. Mwaka wangu wa kwanza kazini ningeulizwa hilo hilo, ningecheka vilevile.

Basi wadogo zangu mnaoingia kwenye usanifu mandhari, yaani kazi ya kuchora bustani na maeneo ya wazi, niwaambie mambo niliyochelewa kuyajua. Kazi hii nimeifanya Dar es Salaam miaka kumi na minne, na Unguja kidogo, kwa hiyo mifano yangu ni ya pwani. Aliye Mbeya au Arusha atajua pa kurekebisha.

Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Zahanati ile ina paa la mita za mraba 400. Ikipiga mvua nzito ya masika, milimita 50 kwa siku, paa peke yake linamwaga lita 20,000. Hayo ni maboza mawili ya lita elfu kumi yaliyofunguliwa koki mlangoni kwa wagonjwa, na hapo hujagusa uwanja uliozibwa kwa pevingi, yale matofali ya kutandaza chini. Kama mchoro wako hauonyeshi maboza hayo yanapita wapi, bado hujaanza kuchora.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa bustani ndogo mbele ya jengo la ofisi, iliyo wazi kwa wapita njia. Vitalu vya maua nilivizungushia kingo za zege zilizoinuka sentimita 15, safi, zimepigwa chokaa. Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, maji yote yalipita juu ya pevingi, yakagonga kingo zangu, yakageuka na kutokea getini hadi barabarani. Kesho yake asubuhi nikamkuta mtunza bustani anabeba ndoo kumwagilia maua. Barabarani bado kuna dimbwi, yeye anamwagilia! Mzee yule hakusema neno. Siku tatu baadaye nilikuta amechukua nyundo na tindo, amevunja kingo sehemu tatu, kila tundu upana wa kiganja, upande ule maji yanakotokea. Mvua iliyofuata maji yaliingia kitaluni yenyewe. Nilitaka kumfokea kwa kuharibu kazi yangu. Leo kila kitalu ninachochora nakishusha chini ya usawa wa sakafu, na matundu ya yule mzee nayaweka mimi mwenyewe kwenye mchoro, pamoja na bomba la kutolea maji yakizidi.

Mteja atakuuliza kuhusu mbu, na ana haki. Kiluwiluwi wa mbu anahitaji kama wiki moja hivi kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo kitalu chako kikinyonya maji yote ndani ya siku moja au mbili, huna cha kuogopa. Utajuaje kama kitanyonya? Chimba shimo la nusu mita, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha simamisha rula ndani na kaa hapo saa nzima. Usimtume mtu. Kwenye mchanga wa karibu na bahari maji yatakukimbia mbele ya macho. Kwenye udongo mfinyanzi mweusi wa mabondeni, baada ya saa nzima unaweza kukuta hayajashuka hata sentimita moja. Hapo usilazimishe kitalu cha kunyonya. Tafuta njia ya kuyapitisha polepole, au badilisha mahali.

Na mabonde yenyewe myaheshimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe ziachwe bila shughuli zinazoharibu mazingira. Wengi huichukulia kama kero ya vibali. Lakini aliyekuwepo Dar es Salaam Desemba 2011 anajua mita hizo zina kazi gani: Mto Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baada ya hapo Jangwani, pale barabara inapokatisha bonde la mto huo, pameendelea kufurika na Barabara ya Morogoro kufungwa, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, na ndani ya mpango huo mna daraja jipya la Jangwani na bustani kubwa ya jiji pale bondeni. Mwenye kuanza kazi leo aufuatilie mradi huo kwa karibu. Bustani ya bondeni huchorwa kwa kukubali kwamba mto utaingia, kisha utatoka, na asubuhi watu watafagia tope waendelee na mpira wao. Ni fikra tofauti kabisa na ile ya kujenga ukuta na kuomba Mungu.

Tuje kwa watu. Huku ndiko wahitimu wengi wanakosea, na wanakosea kwa nia njema.

Wanafika saiti saa 4 asubuhi na tepu na kamera, wanapima, wanaondoka saa 6. Saa 4 watu wako makazini, shuleni, sokoni. Nenda saa 12 asubuhi uone wanaokatisha kwenda kituoni. Nenda saa 8 mchana uone kivuli kiko wapi na nani kakikalia. Nenda saa 11 jioni na rudi saa 2 usiku, usimame pale mama mmoja na binti yake wanapita, utazame wanaharakisha hatua wapi. Mahali hapo panahitaji taa, na pakiwa na michongoma inayofika kifuani, ikate. Nimeona bustani nzuri zikikimbiwa na wanawake kwa sababu ya uzio wa maua uliozidi urefu, wala si kwa jingine.

Halafu tafuta kijiwe. Karibu kila eneo unalopewa kusanifu lina kijiwe tayari: tairi mbili na ubao chini ya mwembe, muuza kahawa na birika lake, wazee na bao. Watu hao wamekufanyia utafiti bure. Wamejaribu kila pembe kwa miaka na wamebaki penye upepo, kivuli, na mahali wanapoona nani anaingia mtaani. Ukikifuta kijiwe ili uweke mduara wa maua, umefuta kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Wazanzibari walilimaliza suala hili zamani kwa baraza za mawe mbele ya nyumba zao: kiti ni sehemu ya ukuta, hakiibiwi, hakivunjiki, na anayekaa yuko nyumbani na mtaani kwa wakati mmoja.

Bado niko Unguja. Nenda Forodhani, bustani ya kando ya bahari Mji Mkongwe, jioni, usile kwanza, tazama. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009. Wauza vyakula walikuwepo kabla, na mpango mpya uliwatengea nafasi yao badala ya kuwafukuza. Tazama watoto wanavyoruka baharini kutoka ukutani huku moshi wa mishikaki unapanda. Mtu angeweza kuchora pale nyasi tupu na kibao cha “usikanyage”. Ukichora eneo la umma bila mahali pa mama lishe na machinga, watakuja tu, ila watakuja bila maji safi, bila mahali pa taka, na juu ya maua yako.

Kuhusu taka: weka mapipa yenye vifuniko. Kunguru wale wa kijivu shingoni waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na tangu hapo wanaishi kwa mapipa yetu yaliyo wazi na kuwala makinda wa ndege wengine. Pipa lenye mfuniko linasaidia ndege wa mjini kuliko viota vya mbao tunavyopenda kuvitundika kwa ajili ya picha.

Miti nisiielezee sana, kila mtu ana yake. Mwashoki umejaa mjini kwa sababu unakua wima na haumsumbui mtu, lakini kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Mkrismasi ni mzuri mno Desemba, ila mizizi yake haiendi chini. Uupande mbali na pevingi. Mwembe karibu na maegesho ya magari usithubutu, maana watoto wataangua maembe kwa mawe na vioo vya magari utavilipa wewe. Mwarobaini, mkungu, mkwaju na, ukikaribia bahari, mtondoo, hii haijaniangusha. Na unapopanga viti chini ya mti kumbuka kwamba kivuli cha jioni huangukia mashariki. Kiti kilichowekwa magharibi ya mti kitakuwa juani saa ile ile watu wanatoka kazini.

Lakini kujua majina ya miti bado si kujua ikolojia. Ukipata nafasi fika Bamburi, Mombasa, uingie Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji: udongo umeondolewa wote, pamebaki matumbawe makavu, jua kali, na maji ya chini yenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo, kwa kuwa mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyoutafutia naitrojeni, chakula cha mimea. Hapo wengi wetu tungepiga picha, tukaandika ripoti na kudai malipo ya mwisho. Yeye akaona tatizo jingine: majani ya mvinje yalikuwa yanadondoka na kurundikana bila kuoza, kwa hiyo hapakuwa na udongo mpya. Kisha akawaona majongoo wenye miguu myekundu wakiyatafuna majani hayo. Akawakusanya, akawaachia machimboni, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Msitu unaouona leo ulipitia tumboni mwa jongoo.

Tangu nisikie habari hiyo, kwenye maelekezo ya matunzo naandika: majani yakidondoka ndani ya kitalu yasifagiliwe wala yasichomwe. Mara nyingi hawanitii. Kuna wasimamizi wanaoamini bustani safi ni ile iliyofagiliwa mpaka mchanga unang'aa. Endelea kuandika.

Matunzo ndiyo yanayoua kazi zetu. Nilishawahi kushuhudia mkandarasi akipanda miti 100 Januari, kiangazi, kwa sababu tarehe ya uzinduzi ilikuwa imepangwa. Fanya hesabu: ndoo ya lita 20 kwa mti, mara mbili kwa wiki, ni lita 4,000 kila wiki. Wiki nane kabla ya masika, lita 32,000. Kwenye mchanganuo wa gharama hapakuwa na senti ya maji wala mshahara wa mtu wa kumwagilia. Mvua zilipofika palikuwa na vijiti 100 na kibao chenye jina la mgeni rasmi. Sasa nakataa kukabidhi mchanganuo usio na matunzo ya miaka miwili, na kama mteja hana hela napunguza miti. Arobaini hai ni mingi kuliko mia iliyokauka. Na panda Machi, masika yakianza, hata kama mgeni rasmi anataka Januari.

Jambo moja la karatasi, halipendezi lakini lishike. Kabla hujachora eneo la wazi, uliza hati iko kwa nani na michoro ya mipango miji inasemaje. Eneo lisilo na mlinzi kwenye makaratasi huota nyumba. Mwaka 1989 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi, lilikuwa lijengwe jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, akapaza sauti, akatukanwa hadharani, na jengo halikujengwa. Si kila bustani ina Wangari wake.

Ile bustani yangu ya kwanza niliipitia tena mwaka jana. Matundu ya yule mzee bado yapo, na maua yamenenepa. Viti vyangu vinne nilikuwa nimevielekeza kwenye chemchemi, ambayo haijatoa maji tangu pampu ilipoungua mwaka wa pili. Vitatu watu wameving'oa na kuvigeuza vitazame barabarani, kwenye kituo cha daladala, ili waone gari likija. Cha nne bado kinatazama chemchemi, na kimejaa kinyesi cha kunguru.