Usiendeshe bodaboda ukiwa umemeza tizanidini

Pole sana na mgongo, mdogo wangu wa Ngamiani. Umeuliza kama unaweza kuendesha bodaboda ukiwa kwenye tizanidini, dawa ya maumivu ya misuli uliyoandikiwa. Hapana, tafadhali. Inalegeza misuli kupitia mishipa ya fahamu, ndiyo maana inaleta usingizi na kushusha presha. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo usimame taratibu. Pombe acha kabisa, hata mnazi wa jioni.

Na hili wengi hawaambiwi: usiichanganye na siprofloksasini, ile wanayojinunulia watu dukani kwa maambukizi ya mkojo. Inaifanya tizanidini irundikane mwilini, presha ikaanguka vibaya.

Maumivu yakizidi usijiongezee kidonge, rudi kwa daktari. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo.