Mtoto kashuka kitandani tena

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka 2 na miezi 3. Juzi alipanda fito za kitanda chake cha utotoni, akaanguka akapasuka mdomo. Nimemhamishia kitanda kikubwa, lakini kila usiku ashuka kunifuata. Nifanyeje? – Mama, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Usimrudishe kule: mtoto akishaweza kupanda fito, kitanda kile si salama tena.

Wangu wa pili nilimlaza kwenye godoro chini, juu ya mkeka, miezi miwili. Akibiringika, aangukia mkeka. Chandarua nilikichomeka chini ya godoro pande zote. Nikamwachia leso yangu kuukuu, ile niliyombebea mgongoni. Alikuwa akiisokota pindo mpaka usingizi umchukue.

Akishuka, mshike mkono, mrudishe, mwambie, "Lala, mama yupo." Basi. Usiwashe taa, usianze hadithi. Usiku wa kwanza nilimrudisha mara 11. Wa nne, mara 2.

Ila kitanda kisikae karibu na dirisha, hasa mkiwa ghorofani. Hilo lanitia hofu kuliko kuanguka. Kabati nalo likazwe ukutani, na mlango wa nje utiwe komeo la juu, leo hii.